Shore, Kiruwiji na Funda Alilolimeza Mkamburi

Sogeeni, na anayetafuna muwa amalize kwanza, maana hadithi hii ina muwa ndani yake na sitaki kuchanganywa. Nimechanganyikiwa nayo vya kutosha. Mikono yangu inasokota katani, lakini mdomo hauna kazi. Mmeniuliza mbona huyu ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, huyu shore, amejaa kila mgomba na kila ua, mpaka anadonoa mapapai yetu tukimtazama. Na yule kiruwiji, mwenye mdomo na miguu ya rangi ya kaa la moto, mnaambiwa yupo, yupo, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemtia machoni. Haya, nitawaambia. Anayeijua vingine akaisimulie kwao.

Zamani, milima hii yetu ya Taita ilipokuwa imevaa msitu kutoka kileleni mpaka kiunoni, shore na kiruwiji walifanana kabisa. Wote wawili walikuwa na rangi ya ukungu, kijivu kitupu, kichwa hata mkia. Ukubwa wao ulikuwa mmoja. Wimbo wao nao ulikuwa mmoja: sauti nne zinapanda, kimya kidogo, halafu sauti moja inashuka. Walichotofautiana ni chakula tu. Kiruwiji alikula minyoo na wadudu chini ya majani makavu, palipo na kivuli na unyevu, kwa hiyo hakutoka msituni. Shore alikula chochote: tunda, nondo, makombo, ndizi iliyoiva, ndizi iliyooza. Watu walipoanza kupanda migomba chini ya msitu, shore akashuka akafanya makao humo humo, wala hakuaga mtu.

Watu hawakujua kwamba ni ndege wawili. Wangejuaje? Walimwita kwa jina moja, Mwenye Msitu, na kila walipoona kitu cha kijivu kikiruka walisema, "Huyo, Mwenye Msitu anapita." Nyinyi mnajua kwamba ni wawili. Shikeni hilo, kwa sababu Mkamburi hakulijua.

Mkamburi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye miguu ya haraka, na kazi yake kijijini ilikuwa kusikiliza. Msicheke. Ilikuwa kazi kweli, aliyoirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Siku hizo hakuna aliyegusa mti wa msitu wa juu kabla Msikilizaji hajapanda asubuhi, jua linapochomoza, na kibuyu chake cha maji ya miwa, mpaka kwenye jiwe lililokuwa ukingoni mwa msitu. Pale alitasa. Alipiga funda la maji ya miwa akalishika mdomoni, akawaza jambo linalomkaa moyoni, iwe hasira, iwe tamaa, iwe nini, kisha akalipuliza lote nje rasharasha na kulitaja jambo hilo kwa sauti. Funda la pili, jambo la pili. Hivyo hivyo mpaka moyo ukabaki mtupu, maana walijua kwamba mtu akiwa na lake moyoni, masikio nayo hulitumikia hilo hilo.

Moyo ukishakuwa mtupu, alikaa kusikiliza. Mwenye Msitu akiimba mle ndani, basi yuko nyumbani, na shoka haliingii. Akinyamaza asubuhi tatu mfululizo, basi amehama, na watu wana ruhusa ya kukata. Tangu enzi za bibi yake Mkamburi, ndege huyo hakuwahi kunyamaza hata asubuhi mbili.

Kulikuwa na sharti moja zaidi: Msikilizaji husikiliza peke yake. Wakiwa wawili, walisema wakubwa wa wakati huo, mmoja atamtazama mwenzake usoni ili ajue amesikia nini. Lilionekana sharti la busara sana, nami nisingelipinga ningekuwapo. Ndilo lililotuponza.

Basi mwaka mmoja mvua za vuli hazikufika, na za masika zikaja za kulowesha vumbi tu. Mashamba ya chini yalikuwa yamechoka. Mwandoe, mwana wa pekee wa Mkamburi, akaja kwa mama yake pamoja na mkewe Wakesho, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akishika upindo wa nguo.

"Mama," akasema, "naomba shamba juu. Nikikosa, nashuka nyika na wanangu."

Nyika! Mume wa Mkamburi aliwahi kushuka nyika kutafuta chumvi. Kilichorudi ni fimbo yake, imebebwa na mtu mwingine. Mkamburi aliposikia neno lile alikaa chini pale pale, kigoda akakiacha nyuma yake.

"Nyika kuna nini, mwanangu?"

"Kuna ardhi."

"Na simba."

"Huku kuna njaa, mama. Simba angalau mtu anaweza kumkimbia."

Hakuwa mkorofi, Mwandoe. Alikuwa baba wa watoto wawili ambao mbavu zao zilihesabika. Mkamburi akasema atapanda kesho yake asikilize.

Asubuhi akapanda. Akapiga funda, akawaza njaa, akapuliza, akasema, "Nina njaa." Akapiga la pili, akapuliza, akasema, "Nimemkasirikia wifi yangu Saru, amevunja chungu changu na hataki kukiri." La tatu: "Goti linaniuma." Akapiga la nne, na hilo lilipokuwa mdomoni akamwaza Mwandoe akiteremka na watoto, anakuwa mdogo, mdogo, mpaka haonekani. Alitakiwa apulize. Alitakiwa aseme, "Nataka mwanangu asiondoke." Akalimeza.

Likashuka tamu kweli. Mkamburi akashtuka, akatazama kulia na kushoto, hakuna mtu. Ni funda moja tu, akajiambia, na matatu yametoka. Akakaa kwenye jiwe kusikiliza.

Wimbo ukaja. Sauti nne zikapanda, kimya kidogo, moja ikashuka. Lakini haukutoka msituni. Ulitoka nyuma yake, chini, upande wa kijiji, upande wa migomba yake mwenyewe!

"Ala!" akasema Mkamburi, akasimama. Maisha yake yote alipokuwa juu ya lile jiwe alisikiliza cha mbele tu. Cha nyuma hakuwahi kukijali, na pengine kilikuwapo siku zote. Leo masikio yake yaligeuka yenyewe. Akateremka mbio, kibuyu kinamgonga kiunoni, akafika mgombani, na kweli, juu ya mkungu alikuwa ndege wa kijivu, amekaa kwa raha, anaimba. Mkamburi akamtazama kwa makini. Kichwa kijivu, mkia kijivu. Ni yeye. Mara ndege akanyamaza, akajichomeka ndani ya majani, na papo hapo, kule juu msituni, sauti nne zikapanda.

Mkamburi akapanda tena. Akafika anahema, anavunja vijiti kwa miguu, na msitu ulikuwa kimya. Kiruwiji ni mwoga; akisikia kishindo hafungui mdomo. Akangoja. Kutoka chini migombani, sauti nne, na moja ikashuka. Akateremka. Alipofika chini, wimbo ukatokea juu. Akapanda. Mara ya nne alipopita mbele ya nyumba ya Saru, wifi yake, aliyekuwa akichambua kunde, Saru akamwita.

"Wifi, umefiwa au umeibiwa?"

"Sijui," akajibu Mkamburi, na lilikuwa jibu la kweli. Akakaa kando yake, akashika kichwa. "Wifi, ndege anaweza kuwa mahali pawili?"

"Hata kuku hawezi, na kuku hana akili."

"Basi mimi nimeanza kurukwa na akili. Nikiwa juu yuko chini. Nikiwa chini yuko juu."

Saru alikuwa mwanamke wa maneno makali na kichwa kizuri. Akaacha kunde. "Hilo mbona jepesi. Kesho wewe simama juu, mimi nitasimama hapa chini. Akiimba huko juu nami namwona huku mgombani, basi ni wawili. La sivyo, ni mmoja."

Oneni! Neno lenyewe lilikuwa hapo, bichi, kwenye ungo pamoja na kunde. Lakini Mkamburi akashtuka kama aliyeambiwa aibe.

"Msikilizaji husikiliza peke yake, Saru. Unataka nivunje sharti la mama yangu?"

"Mimi chungu chako tu ndicho nilichovunja," akasema Saru, na ndivyo alivyokiri, akarudia kunde zake.

Asubuhi ya pili ikawa vile vile, mbio juu, mbio chini, hata mbuzi wakaanza kumfuata wakidhani anawapeleka malishoni. Asubuhi ya tatu akabuni shauri jipya. Alikwenda kukaa katikati, kando ya mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi ya msituni mpaka mashambani, mahali ambapo juu na chini palisikika sawasawa. Akatasa. Aliyapuliza yote, isipokuwa lile moja, ambalo sasa lilikuwa limezoea njia ya kooni. Akasikiliza.

Wimbo ukaja kutoka juu. Kimya. Ukaja kutoka chini. Kimya. Juu. Chini. Hata mara moja haukuja pamoja. Nyinyi mnajua kwa nini: ndege wale walikuwa na adabu, mmoja akiimba mwenzake anamwacha amalize, ndipo anajibu. Walikuwa wanasalimiana. Lakini Mkamburi, amekaa pale na miguu yake majini, kichwa kinamzunguka, alisikia kitu kimoja kinachokwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Na ghafla akadhani ameelewa.

"Anahama," akasema kwa sauti. "Maskini, anahamisha vitu vyake!"

Fikirini mtu anavyohama. Anabeba chungu, anarudi kuchukua jembe. Anabeba jembe, anarudi kuchukua mkeka. Mwenye Msitu naye anahama kutoka msituni kuja kwao, na safari hizi zote ni za mizigo. Mkamburi alifurahi hata akapiga makofi. Lakini furaha ile haikutulia vizuri kifuani. Ilikuwa kama imevaliwa kinyume. Mwenyewe hakujua ni kwa nini.

Basi akaamua kungoja ndege amalize kuhama. Asubuhi ya nne akapanda kwenye jiwe: msitu kimya, migomba inaimba. Asubuhi ya tano: msitu kimya, migomba inaimba. Asubuhi ya sita hivyo hivyo. Tatu mfululizo. Mle ndani, kwenye mti mkubwa uliopinda juu ya chemchemi, kiruwiji alikuwa ametaga mayai mawili na kuyaatamia, na anayeatamia hapigi kelele. Lakini nani angemwambia Mkamburi?

Jioni watu wakakusanyika. Mkamburi akasimama mbele yao, na wengine walisema baadaye kwamba alitazama chini muda wote.

"Mwenye Msitu amehamia kwetu," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu, anakaa kwenye mkungu wangu."

Watu wakapiga vigelegele. Mwandoe akamshika mama yake mikono yote miwili, na Wakesho akalia. Saru peke yake ndiye aliyeuliza, "Na mizigo yake ameiweka wapi?" lakini hakuna aliyemsikiliza.

Shoka zikaingia. Siku ya kwanza walikata kutoka kiunoni mwa mlima kwenda juu, na Mwandoe alikuwa mbele, anakata kama mtu anayekimbizwa. Kila asubuhi kabla ya kuwapelekea wakataji maji ya miwa, Mkamburi alipitia mgombani kwanza. Akimsikia ndege anaimba, alishusha pumzi. "Si huyu hapa," alijiambia. "Yupo. Amenenepa hata." Kisha alipanda, na alipokuwa akipanda moyo ulirudi kupiga vibaya. Hakuelewa. Mwanawe anabaki, ndege yupo, shamba lipo. Amekosea wapi?

Siku ya pili maji ya mfereji yalikuja mekundu kwa udongo. Siku ya tatu yalikuja machache. Siku ya nne mtoto mkubwa wa Mwandoe alivuka mfereji na nyayo zake zikatoka kavu. Watu wakasema ni jua tu. Mkamburi naye akasema ni jua, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya tano walikuwa wamekaribia kilele. Nyuma yao matawi yaliyokatwa yalirundikwa na kuchomwa, na moshi ulifunika mlima mpaka mtu hakumwona aliye hatua tatu mbele yake. Moto ulipotambaa, ndege walikimbia. Shore mmoja aliyekuwa amepanda kutazama kuna nini alipita katikati ya moshi mzito wa masizi, kichwa kikawa cheusi, akateremka kama kipofu mpaka shambani akaangukia matako ndani ya ua la boga. Alipotoka chini ya mkia palikuwa na manjano. Akajikung'uta, masizi hayakutoka, manjano hayakutoka, akaona hayana shida, akaenda zake mgombani kula.

Wakati huo Mwandoe alikuwa ameangusha ule mti mkubwa uliopinda juu ya chemchemi. Ulianguka kwa kishindo, upande wake mmoja ukalala kwenye makaa. Mkamburi alisimama pale na kibuyu chake. Moshi ukafunguka kidogo, na akaona kitu kinatembea juu ya makaa.

Alikuwa ndege wa kijivu. Hakuruka, alitembea, anarukaruka kwa miguu miwili juu ya kaa hili na kaa lile, akitoka kwenye tawi lililoanguka. Mdomoni alibeba kinda lisilo na manyoya. Akalifikisha kwenye nyasi mbichi, akaliweka, akageuka, akarudi juu ya makaa kwa miguu ile ile. Mkamburi aliona miguu ikibadilika rangi. Kisha akachomeka mdomo ndani ya tundu lililokuwa likifuka, akatoa kinda la pili, na mdomo nao ulikuwa umeiva kama kaa. Akasimama pale, mdomo umejaa, anamtazama Mkamburi.

Na nyuma, chini kabisa, mgombani, sauti nne zikapanda, kimya kidogo, moja ikashuka.

Mkamburi akamtazama aliye mbele yake. Mdomo ule ulikuwa umejaa. Usingeweza kuimba. Akasikiliza nyuma: wimbo unaendelea. Akatazama mbele: mdomo umejaa. Akageuza kichwa mara tatu, nne, kama mtu anayeitwa na watu wawili, na mara ya tano akaketi pale pale majivuni.

"Ni wawili," akasema. "Mama yangu wee, ni wawili!" Kisha akapiga ukelele uliosimamisha kila shoka. "Simameni! Acheni! Huyu ndiye! Hakuhama, huyu hapa, hakuhama hata siku moja!"

Watu wakaja kupitia moshi. Mwandoe akaja shoka likiwa begani, jasho na majivu usoni.

"Mama," akasema taratibu, "si wewe uliyesema amehama?"

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ingekuwa nafuu. Mkamburi alichukua kibuyu cha maji ya miwa, akapiga funda mbele yao wote, wanaume na wanawake, na mashavu yake yakajaa. Kwa muda walidhani atalimeza. Kisha akalipuliza, likawa rasharasha juu ya makaa, makaa yakalia shiii.

"Nilitaka mwanangu asiondoke," akasema. "Hilo nililimeza. Siku zote sita nililimeza. Sikuwa nasikiliza ndege, nilikuwa nasikiliza Mwandoe anabaki."

Mwandoe aliweka shoka chini, akakaa juu ya kisiki, akafunika uso. Saru ndiye aliyekwenda kumwinua wifi yake, akamfuta majivu kwa kanga yake, wala hakumkumbusha lile shauri la kwenye kunde. Kiruwiji akalifikisha kinda la pili kwenye nyasi, akayaongoza yote mawili yakiburuta matumbo, akapanda nayo kuelekea kipande cha msitu kilichobaki pale kileleni, kidogo, mtu angekizunguka kabla uji haujapoa.

Mngependa niishie hapo, najua. Lakini kuna lililobaki. Mwandoe alilima lile shamba. Angefanyaje, lilikuwa limekwisha kukatwa, na watoto wana njaa. Msimu wa kwanza mahindi yalimshinda kimo. Msimu wa pili yalimfika kifuani. Msimu wa tatu chemchemi haikuteremka kabisa, mfereji ukaota magugu, na Mwandoe akafunga mzigo, akamchukua Wakesho na watoto, akashuka nyika. Mkamburi alisimama juu ya jiwe lake akiwatazama wakiwa wadogo, wadogo. Safari hii hakuwa na funda mdomoni. Aliita jina la mwanawe kwa sauti, na Mwandoe akageuka, akapunga mkono, akaendelea.

Alibaki na Saru, wakizeeka pamoja na kugombana. Kila asubuhi Mkamburi alikaa mlangoni akiinua sikio kuelekea kileleni, na kila asubuhi shore alikuja kutua kwenye mgomba ulio karibu naye, kichwa cheusi, manjano nyuma, akaimba kwa nguvu zake zote. Mkamburi hakumchukia. Hakuwa na kosa lolote, shore. Alikuwa anaimba tu. Lakini Saru alimsikia mara nyingi akimwomba:

"Wewe nimekusikia, baba. Nyamaza kidogo nimsikie mwenzako."

Na tangu siku hiyo shore ana kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, na amejaa kila palipo na watu, maana hakuna tulichokikata kikamkosesha chakula. Kiruwiji ana mdomo na miguu ya kaa, anatembea chini kwa kurukaruka kama anayekanyaga moto, na anaishi kwenye vipande vya msitu vilivyobaki vileleni tu, hapa kimoja na pale kingine, asiweze kuvuka mashamba kumfikia ndugu yake. Wimbo wake ameushusha, anauimba chini chini, kwa kuwa mara ya mwisho alipoimba kwa sauti walimdhania mwingine. Na tangu siku hiyo watu wetu hawasikilizi peke yao. Husikiliza wawili, mmoja msituni na mmoja mgombani.

Kwa hiyo mtu akiwaambia, mbona ndege bado wapo, mbona nawasikia nje ya dirisha kila siku, muulizeni ni ndege gani. Mimi mwenyewe mwaka jana nilimsikia kiruwiji mara mbili. Mwaka huu, mara moja. Au alikuwa shore, sijui, nilikuwa natamani sana kumsikia. Haya, nani anashika huu uzi? Kesho asubuhi nataka mmoja wenu akae hapa mgombani, na mmoja apande nami juu. Na kabla ya kupanda, kila mtu atapiga funda lake, na nitawatazama koo.